Hilux ya dizeli ya zamani: soma boksi kwanza, spana baadaye

Kila jioni nikishaegesha pikapu yangu natandika kipande cha boksi chini ya injini, na kingine chini ya difu, lile tufe la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Asubuhi, hata chai sijanywa, nayasoma yale maboksi. Tone jeusi ni oili ya injini. Tone la kijani au jekundu, lenye utelezi na harufu ya utamutamu, ni kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Dizeli inajitambulisha yenyewe kwa harufu. Oili nzito inayonuka kama yai viza imetoka kwenye gia boksi au difu. Na tone jepesi, angavu, likionekana upande wa ndani wa gurudumu, hilo sina mjadala nalo: ni mafuta ya breki, na siku hiyo gari haliondoki.

Boksi napewa bure dukani kwa Mangi, na limeniokolea pesa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux LN106, injini ya 3L, cc 2779. Kazi yake ni kupakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, kukwea mlima Kitonga na kuvifikisha Iringa. Nitakayoeleza yanawahusu pia ndugu zake, 2L yenye cc 2446 na 5L yenye cc 2986, injini zilizofungwa kwenye Hilux na Hiace nyingi zinazotembea hadi leo. Ni dizeli za kizamani. Pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, inazungushwa na mkanda, hakuna kompyuta, hakuna mashine ya kuchomeka ikusomee kosa. Mwenye spana, subira na masikio anaweza kufanya mengi uani kwake. Chuma chake ni kigumu. Kinachoziua mara nyingi ni kimiminika kilichovuja, kilichochakaa, au kilichochanganyika na kisichotakiwa. Kwa hiyo hapa tutafuata vimiminika, si orodha ya spea.

Kabla hujaingia uvunguni

Egesha pagumu na tambarare. Zima injini, weka gia ya kwanza, vuta hendibreki, halafu piga kabari magurudumu yanayobaki chini. Kumbuka hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, haina kazi tena; kinachokulinda ni kabari za mbele.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likishapanda, weka stendi za chuma chini ya ekseli au chesisi, teremsha jeki hadi uzito ukae kwenye stendi, kisha lisukume gari kwa bega. Likicheza, anza upya. Tofali usilitumie, liwe la kuchoma au la saruji. Hupasuka mara moja bila kukuonya. Asiye na stendi ni heri atafute gogo nene la mti mgumu lililokatwa bapa juu na chini, na hata hapo alaze gurudumu la akiba chini ya chesisi kama bima.

Kuhusu spana, Toyota inapenda 10, 12, 14, 17 na 19. Ukiwa na hizo za ringi na za soketi, bisibisi mbili, plaisi, nyundo, pampu ya kupigia grisi, geji ya upepo na kipima umeme cha bei ndogo, umemaliza. Ile 10 nunua mbili. Moja itapotea.

Maji

Hapa ndipo Hilux nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa.

Kila asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yafike shingoni. Usiridhike kwa kutazama tanki dogo la pembeni, maana mpira unaoliunganisha na rejeta ukitoboka, tanki hubaki limejaa huku rejeta ikikauka.

Kigeuze kifuniko ukitazame. Juu kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9. Hiyo ni nguvu ya kubana maji. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima kinayabana, na kiwango cha kuchemka kinapanda kwa nyuzi 20 hivi. Sasa bonyeza mpira wa kifuniko kwa kidole gumba. Ukiwa mgumu, umepasuka, au springi imelegea, hizo nyuzi 20 umezipoteza, na mlima utakuonyesha. Ni spea ya bei ndogo kuliko kiroba kimoja cha vitunguu.

Mwaka wa kwanza wa gari hili nilichemsha kwenye kona za juu za Kitonga, magunia yamejaa, malori yananipita kwa honi. Kwa pupa nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Maji yaliruka kama chemchemi na mkono wangu wa kulia una alama hadi leo. Rejeta ilikuwa nzima, feni nzima. Tatizo lilikuwa klipu ya paipu ya chini, imelegea, maji yanatoka kidogo kidogo tangu bondeni. Ningetandika boksi usiku ule ningeliona.

Kwa hiyo, gari likichemsha:

1. Simama pembeni, zima, inua boneti, usiguse kifuniko.
2. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuikumbatia paipu ya juu ya rejeta kwa kiganja bila kuachia.
3. Fungua kifuniko hadi kituo cha kwanza, acha mvuke upumue, ndipo ukitoe.
4. Mimina maji taratibu. Maji baridi ya ghafla kwenye injini inayofoka ndiyo yanayopasua silinda hedi.
5. Tafuta yalikotokea. Usiondoke hujapaona.

Halafu kuna habari ya themostati. Mafundi wengi dawa yao ya kwanza kwa gari linalochemsha ni kuitoa. Niliwahi kuambiwa, "Bosi, hii tunaitupa tu, Bongo hakuna baridi." Nikamwambia, "Fundi, naomba iache hapohapo." Kwenye injini hizi themostati inafanya kazi mbili. Ikiwa moto inafungua njia ya kwenda rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na mlimani sehemu ya maji inazunguka na joto lake. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto, inakula dizeli na kutoa moshi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa moto. Nyuzi za kufungukia zimechongwa kwenye chuma chake, kwa mfano 82. Kabla maji hayajachemka sana uione imefunguka. Ukiipua, irudi kufunga. Isipofanya hivyo, nunua nyingine na gasketi yake. (Sufuria usirudishe kwenye kabati la mama watoto. Nimeshalipia kosa hilo.)

Feni ya injini hizi inashikwa na klachi yenye oili nzito ndani. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha ufunguo uko mfukoni, kisha sukuma pangaboi kwa kidole. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama ya kuchezea, klachi imekufa, na ukiwa na mzigo kwenye mlima mrefu haitavuta upepo wa kutosha.

Kubadili kulanti fanya kila miaka miwili. Fungua bomba la chini ya rejeta na nati ya pembeni mwa injini, acha vyote vitoke, suuza mpaka maji yawe meupe, funga, jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji matupu ya bombani yanaleta kutu, na kutu inaziba vijia vya rejeta. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ya ndani ikiwa kwenye moto, minyaminya paipu ya juu. Viputo vitatoka, kisha vitaisha. Visipoisha, na vikinuka moshi, hiyo ni gasketi ya hedi. Hapo funga boneti ukamwite fundi.

Oili ya injini

Kazi nyepesi kuliko zote. Kila kilomita 5,000, au mapema kama unatembea vumbini na mizigo.

Pasha injini dakika kumi, zima. Weka beseni, legeza nati ya kumwagia chini ya sampo (beseni la oili la injini), malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha iondoe haraka pembeni. Oili ni ya moto, vaa glovu. Wakati inamwagika, tazama. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiona unga unaometameta kama pambo la kucha, beringi zinalia.

Toa filta kwa mkanda wake wa kufungulia. Hakikisha mpira wa ile ya zamani haukubaki umegandia kwenye injini. Mpira ukiwa juu ya mpira, oili yote itamwagika ukiwasha. Filta mpya ipake oili kwenye mpira wake, ifunge mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana hapana. Nati ya chini irudishe na wosha mpya.

Oili iwe ya dizeli, 15W-40, na kopo liwe na maandishi kama CF-4 au CI-4. Galoni ya lita 5 kwa gari langu hubaki kidogo haijatosha, kwa hiyo nina kopo la lita 1 pembeni. Mimina, subiri, pima kwa stiki, ongeza. Ikae kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiivuke. Washa, taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache, zima, chungulia chini, pima tena.

Usishangae ukikuta oili mpya imeshakuwa nyeusi kesho yake. Dizeli za zamani zina masizi, na oili inayoyabeba inafanya kazi yake. Ile chafu usiimwage mtaroni wala shambani. Iweke kwenye dumu uipeleke gereji inayokusanya.

Dizeli, maji na upepo

Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, hakuna kinacholainisha, na pampu hiyo ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote chini ya boneti. Dizeli ya kwenye madumu ya kando ya barabara nimeikimbia kwa sababu hiyo.

Chini ya filta ya dizeli kuna kifungio cha plastiki, na juu yake, kwenye kichwa cha filta, kuna kitufe cha pampu ya mkono. Mara moja kwa mwezi weka chupa ya maji iliyokatwa, legeza kifungio raundi chache, piga pampu ya mkono. Kitakachotoka kwanza kiache kitulie kwenye chupa na ukitazame kwa mwanga. Maji hukaa chini, dizeli inaelea juu, na kati yao unaona mstari kabisa. Endelea hadi itoke dizeli tupu, funga kwa vidole, kisha piga pampu mpaka iwe ngumu. Taa ya filta kwenye dashibodi ikiwaka, usisubiri mwisho wa mwezi. Filta yenyewe badilisha kila kilomita 20,000.

Upepo ni ugonjwa mwingine. Dalili yake: asubuhi gari linawaka, linanguruma sekunde chache, linazima, halafu unapiga stata hadi betri inalia. Usiku kucha dizeli imerudi kwenye tangi kwa sababu kuna mahali panavuta hewa. Hapo boksi halitakusaidia sana, maana tundu linalovuta hewa si lazima livujishe dizeli. Piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Gari likiwaka vizuri baada ya hapo, umepata jibu: tafuta mpira uliokauka, klipu iliyolegea, au pampu ya mkono yenyewe iliyochoka sili. Mipira midogo ya kurudishia dizeli ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni ya bei ndogo, na ikishakuwa migumu kama mkaa badilisha yote kwa siku moja.

Kama dizeli iliisha kabisa na pampu ya mkono haitoshi, legeza nati za paipu za chuma pale zinapoingia kwenye nozeli, nusu raundi tu, mwenzako apige stata. Nati ikianza kutoa dizeli bila mapovu, ibane, nenda inayofuata. Gari litaanza kukohoa na kuwaka. Vidole na uso viwe mbali. Dizeli inayotoka hapo ina shinikizo linaloweza kupenya ngozi, na hilo si jeraha la kufunga kitambaa. Ni la kukimbizwa hospitali hata kama tundu linaonekana dogo kama la sindano.

Filta ya hewa ina jambo moja tu la kukumbuka. Ukiisafisha kwa upepo, pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo. Kisha ingiza kidole kwenye paipu kati ya filta na injini. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali injini inameza mchanga bila kupitia filta, na oili yoyote utakayoweka haitaiokoa.

Breki

Ukiteremka Kitonga unazielewa breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishanywa unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Ukikanyaga breki mteremko mzima, mafuta ya zamani yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na pedeli inazama kama umekanyaga mto. Teremka kwa gia ndogo, na mafuta yabadilishe kila miaka miwili.

Kutoa upepo kunahitaji mtu wa pili. Wangu ni mpwa wangu. Yeye anakaa kwenye usukani, mimi niko gurudumuni na spana, mpira mwembamba na chupa yenye mafuta kidogo ya breki. "Kanyaga mara tatu, shikilia!" Nalegeza nipo, kile kichuchu cha kutolea upepo, mafuta na mapovu yanatoka. "Mjomba, imeenda chini!" Nabana ndipo namwambia aachie. Akiachia kabla sijabana, tumevuta hewa upya. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia tunaanza na gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Hilux nyingi zina pia vali juu ya ekseli ya nyuma inayopunguza nguvu ya breki gari likiwa tupu. Nayo ina nipo yake, na wengi wanaisahau kisha wanashangaa pedeli inabaki laini. Kopo la juu lisikauke hata mara moja, na mafuta yasidondokee rangi ya gari, yanaibandua.

Ngoma ya nyuma ikigoma kutoka, usiipige nyundo hadi ipasuke. Achia hendibreki, kisha angalia usoni mwa ngoma: kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8, zibane kwa zamu kidogo kidogo, ngoma inajisukuma yenyewe. Ndani, vumbi usilipulize kwa mdomo. Lioshe kwa maji. Shu (kipande kinachosugua ngoma kwa ndani) ikiwa imelowa oili, chanzo mara nyingi si breki. Ni difu, na tunaenda huko sasa.

Difu, gia boksi na grisi

Juu ya ekseli ya nyuma kuna kijikofia kidogo kinachoruhusu difu kupumua. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto hewa inatafuta njia nyingine, inaisukuma oili kupitia sili za ekseli hadi kwenye shu za breki. Mafundi wawili waliniuzia sili kwa nyakati tofauti, zote zikavuja tena. Dawa ilikuwa kukizungusha kijikofia kile kwa vidole na kukisafisha kwa dizeli.

Ukibadili oili ya difu au gia boksi, sheria ni moja: fungua nati ya kujazia kwanza, ile ya juu. Ukimwaga oili yote halafu ukagundua ya juu imeshikana na kutu na haifunguki, gari limelala hapo hapo. Difu inataka oili ya GL-5, namba 90 au 80W-90. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Ukishavuka mto maji yakafika kwenye ekseli, fungua uchungulie siku hiyohiyo.

Grisi kila kilomita 5,000 kwenye spaida, vile viungo vya msalaba vya propela shafti, na kwenye pini za springi kama za kwako zina nipo. Futa nipo kwa kitambaa kwanza, la sivyo unapiga mchanga ndani. Kwenye spaida, piga hadi grisi ya zamani itokeze pembeni. Ikitoka ya rangi ya kutu, siku za spaida hiyo zinahesabika. Shika shafti uizungushe huku na huku usikie kama inacheza.

Umeme na asubuhi za baridi

Mwezi wa 6 na wa 7 Iringa, injini isiyo na plagi nzima za kupashia haiamki. Toa waya mkuu, fungua upau wa chuma unaoziunganisha plagi zote nne, kisha chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni hai. Isiyowasha imekufa. Ukinunua, soma namba iliyochongwa kwenye plagi ya zamani, kwa kuwa kuna za volti 6 na za volti 11 au zaidi, na zinafanana kwa macho. Ya volti 6 kwenye mfumo usio wake inaungua muda mfupi tu. Na wale wanaomimina petroli kwenye paipu ya hewa ili gari liwake, waache. Plagi ikiwa ya moto kinachofuata ni mlipuko.

Betri ikitulia usiku isome volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto na magadi, ukianza kutoa hasi na kumalizia kurudisha hasi.

Alteneta ya injini hizi imebeba mgongoni pampu ndogo ya kuvuta hewa, inayosaidia breki, na pampu hiyo inalishwa oili ya injini kwa mpira mwembamba. Ukiipeleka alteneta kwa fundi umeme, hakikisha inarudi na pampu yake na mpira wote umefungwa. Ikirudi vinginevyo, kwanza pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, pili oili inamwagika yote njiani.

Mkanda wa taimingi

Huu simwambii mtu aubadili uani. Unaunganisha krenki, kamshafti na pampu ya nozeli, na alama zake tatu zikikosana jino moja tu gari haliwi sawa. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni. Mpe fundi anayezijua hizi injini, kila kilomita 100,000, pamoja na beringi ya kukazia mkanda na sili za mbele za krenki na kamshafti, maana sili ikivuja oili juu ya mkanda mpya umetupa hela. Mwombe akupe mkanda wa zamani mkononi. Upinde, tazama mizizi ya meno. Ukiona nyufa, ujue ulikuwa umebakisha safari chache.

Hilux nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha, lakini inategemea geji ya kilomita, na kwenye gari la umri huu huwezi kujua geji ilisimama mwaka gani wala nani alichomoa balbu. Ya kwangu ilikuwa imesimama nilipolinunua. Siku mkanda ulipofungwa nilichukua rangi nyeupe nikaandika tarehe juu ya kifuniko cha mkanda, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila ninapoinua boneti kuangalia maji lazima nipaone.